Laki Nne, Wala Sishuki

Mimi nina hasira za karibu. Ukinitukana mwenyewe naweza kukucheka, lakini ukidharau kitu changu masikio yanapata moto. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anauza mashine iliyotumika.

Ilikuwa mashine ya kumenya kahawa mbivu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Ilinitumikia miaka minane nyumbani Kitswamba. Halafu shamba la ukoo likagawanywa, nikabaki na kipande ambacho kahawa yake yote inaingia ndoo mbili. Mashine ikawa inakaa jikoni, kuku wanapanda juu yake.

Lakini nilikuwa nimejifunza kushona. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja fundi wa Kasese mjini, anayeshonea barazani pa duka. Mgongo ulikuwa umemchosha, akaamua kwenda kukaa kwa binti yake. Akaniambia, "Mwanangu, cherehani na nafasi hii ya barazani, vyote laki nne. Lakini mwisho ni Ijumaa jioni. Jumamosi mwenye duka anampa mtu mwingine baraza." Nikamwambia nakuja. Nilitamani ile nafasi hadi nikaanza kuota nimekaa pale na futi yangu shingoni.

Laki nne nilikuwa sina. Nilikuwa na mashine.

Nikaipiga picha, nikaituma kwenye makundi ya simu. Loo! Watu hawana haya. Hakuna salamu, hakuna habari za nyumbani, mtu anaandika tu, "Bei ya mwisho?" Ya kwanza hata hujaisikia, unataka ya mwisho! Mwingine akauliza kama naweza kumkopesha hadi msimu ujao. Bwana mmoja wa Katwe akasema atanipa magunia matatu ya chumvi. Nikamuuliza, baba, nitapika nini, bahari? Akanifungia simu. Mume wangu akasema nimuuzie jirani kwa laki mbili yaishe. Siku hiyo alikula chakula baridi.

Ijumaa, siku ya soko, nikaifunga mashine ndani ya gunia, nikapanda nayo gari hadi Bwera. Kule wanashuka wakulima wa mlimani na wanavuka watu wa Kongo, na kahawa ilikuwa imeiva. Nikaiweka kando ya njia, karibu na wanaouza mabeseni. Kulikuwa na manyunyu, basi nikaiacha na gunia lake, nikawa namfungulia anayeuliza.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kofia, mwenye maneno laini. Akaizungusha kidogo, akatikisa kichwa kama daktari. "Mama, nakuhurumia tu. Diski zake za kumenyea zimekwisha. Chukua laki mbili, uwahi nyumbani."

"Laki nne," nikasema.

Akaenda. Baada ya nusu saa akaja kijana wa upande wa Kongo, shati jekundu. Akachungulia, hata hakugusa. "Mama, hii mashine iko mubaya sana. Diski imekwisha. Minakupa laki moja na nusu, sababu nakuona kama mama yangu."

"Mama yako ungemfanyia hivi?" nikamuuliza. Akacheka, akaenda zake.

Nikakaa. Njaa inauma, manyunyu yanaingia shingoni, na watu wanapita bila hata kuuliza. Kuna wamama kadhaa wa mlimani walinikaribia wakitazama lile gunia, mara yule wa shati jekundu akawawahi, akawanong'oneza, wakageuka. Saa nane ikafika. Sitaficha, moyo ulianza kulegea. Nikajiambia, labda kweli imezeeka. Labda yule mzee wa kofia bado yupo, nimkimbilie na laki mbili zake kabla hajaondoka. Nikasimama kabisa, nikaanza kumtafuta kwa macho.

Hapo ndipo akaja wa tatu, mnene, funguo zinalia kiunoni. Hakusalimu. Akaupiga mzigo wangu teke dogo. "Hii usinipotezee wakati. Diski zimekula kutu zote. Elfu themanini, ukanunue chakula."

Nikamtazama. Nikalitazama gunia. Gunia lilikuwa limefungwa! Kamba yangu, fundo langu, tangu nilifunge tena hajafungua mtu. Na diski za mashine ile zimevikwa bati la shaba. Tangu lini shaba inakula kutu?

"Kutu umeiona wapi?" nikamuuliza.

"Si naiona hapa."

"Unaona ndani ya gunia?"

Akageuza macho upande, na mimi nikayafuata macho yake. Kule kwenye kibanda cha chai walikuwa wamekaa mzee wa kofia na shati jekundu, meza moja, chapati moja, wanatutazama. Kumbe! Walikuwa wamenipangia njama. Mmoja anataja bei ya chini, wa pili anaishusha, wa tatu anaizika, ili nimkimbilie wa kwanza nikimshukuru. Na mimi, mjinga, nilikuwa nimeshasimama kumkimbilia. Damu ikanichemka hadi njaa ikaisha.

Nikafungua gunia palepale. Nikapaza sauti, na sauti Mungu alinipa. "Jamani, njooni! Nani ana kahawa nyekundu? Naimenya hapa, bure! Atakayeona punje moja iliyokatika, mashine ni yake, aibebe!"

Soko lote likageuka. Mwenye mabeseni akaniazima mawili na ndoo ya maji, akisema hii hawezi kuikosa. Wale wamama wa mlimani wakarudi, mmoja akashusha mfuko wake wa kahawa. Nikamimina, nikatia maji, nikashika mkono wa mashine. Haki ya Mungu, niliogopa. Ilikuwa imekaa muda mrefu, na mimi nimeshaahidi mbele ya watu. Nikazungusha.

Maganda yakatoka nyuma, punje zikateleza mbele, nyeupe, nzima, zinang'aa na utelezi wake. Nikazungusha mpaka mfuko ukaisha. Watu wakainama kwenye beseni. Yule mnene wa funguo akapiga magoti kwenye tope, akapekua kwa mikono miwili, anatafuta punje iliyokatika kama mtu aliyeangusha pete. Hakuipata. Wakamzomea mpaka nikamwonea huruma, lakini kidogo tu.

Yule mama mwenye kahawa akanivuta pembeni. "Dada, yule wa shati jekundu alituambia hii imekufa. Sisi ni kikundi. Tumetoka dukani kuuliza mpya, bei imetushinda. Hii ni ngapi?"

"Laki nne."

"Tupunguzie ya soda."

"Soda nitawanunulia mimi. Bei ni laki nne."

Wakacheka, wakateta kidogo kwa Lhukonzo, lugha yao, wakakubali. Tukashikana mikono. Walikuwa bado wanafungua vitambaa vyao vya fedha nilipoona kofia inapenya kati ya watu. Mzee wangu! Amekuja mbio, pumzi juu.

"Mama, laki nne na nusu. Sasa hivi, taslimu."

"Si diski zimekwisha?"

"Nitabadilisha."

"Nimeshauza, mzee," nikamwambia. Elfu hamsini ilinipita mbele ya macho, wala sikuisikitikia. Sijawahi kutamka neno tamu kama lile.

Nikawaonyesha wamama namna ya kukaza diski, nikawanunulia soda zao kwa vijisenti vyangu vya chakula, nikakimbilia gari la Kasese. Nilifika jua linazama. Fundi wangu alikuwa bado barazani, cherehani imefunikwa kitambaa, mwenye duka anafagia karibu yake.

Kabla sijakaa, akaanza mwenyewe, macho chini. "Mwanangu, nimefikiri. Leo wamepita watu wawili, wanasema hiki ni chuma chakavu. Kama una laki mbili na nusu, lete tu. Sitaki nikuonee."

Masikio yakapata moto. "Nani kasema chuma chakavu?"

"Watu tu. Wanajua."

"Hawajui lolote! Waliifungua? Walishona nayo?"

"Basi laki tatu, mwanangu, usikasirike."

"Laki nne!" nikafoka, mwenye duka akaacha kufagia. "Mama, cherehani hii imesomesha watoto wako. Ni laki nne, na ukitaja tena bei ya chini naondoka."

Akatandaza kanga magotini, nikamhesabia zote, akazikunja polepole, akainuka kwenye kiti, akanipisha nikae.