Baba Alinituma Kucheza, Kisha Akanipiga Kanisani

Admin, nifichie jina, maana hapa mjini Kindu tunajuana na kanisa letu lina maneno mengi. Mimi ni mjane, nimepita miaka sitini. Baba yangu ni mzee sana, ninamuuguza kwangu. Namlisha, namwogesha. Sikio langu la kushoto halisikii, na yeye ndiye aliyeliua.

Ilikuwa wakati wa Zaire, nina miaka kumi na sita. Mkubwa wa chama alikuwa anakuja, na wasichana wa shule tukachaguliwa kucheza animasio, zile ngoma za kumsifu Rais. Kanisa letu lilisema kucheza ni dhambi, kwa hiyo nilitaka kukataa. Lakini baba alikuwa karani wa serikali, na hapo hapo ni mzee wa kanisa. Alinivuta chumbani akaninong'oneza: "Wende ucheze. Ukikatala, mimi njo watafunga." Ili asifungwe yeye, nikaenda. Nilivaa kitenge chenye sura ya Rais, nikacheza mbele ya mji mzima, na baba yuko mstari wa mbele anapiga makofi.

Jumapili, kanisani, wazee wenzake walimtaka ajieleze kwa nini binti yake amecheza, la sivyo wamvue uzee wa kanisa. Mnadhani alisema kweli? Alinishika nywele akaniburuta hadi mbele, akavua mkanda. Alinipiga mgongoni, miguuni, akaendelea hata nilipoanguka. Damu ilinitoka puani ikachafua gauni la kwaya. Nikapiga kelele, "Baba, ni weye njo ulinituma!" Hapo aligeuza mkanda, akanipiga sikioni kwa upande wa chuma. Kila mtu alisikia nilichosema. Mchungaji akasema, "Muimbe!" Wakaimba, tena kwa nguvu, ili mtaa usinisikie. Watu wa Mungu hao!

Aliyeniokoa ni jirani yetu Mama Zuhura, Mwislamu. Alikuwa anapita barabarani. Aliingia akiwapiga watu vikumbo: "Munaua mutoto wa watu na munaimba? Munamuimbia Mungu gani?" Naye akala mkanda wa bega, lakini hakuniachia. Alinibeba hadi kwake, akanikanda kwa maji ya moto, wala hakuniuliza nilikosa nini. Nawachukia walioimba mpaka leo, siwafichi.

Hayo ya zamani ningeyameza. Shida ni kwamba baba sasa anajisifu kwa kila mgeni: "Huyu, fimbo njo ilimukomboa. Mumuangalie leo, iko mama wa kanisa." Mchungaji wetu wa sasa, bado kijana, amefurahi sana kusikia hivyo. Ameniomba Jumapili hii nisimame niwaambie wazazi jinsi baba alivyonirudi hadi nikaokoka. Nilipowaambia kaka zangu kwamba nitasema ukweli, waliapa kuwa nikimwaibisha mzee anayekaribia kufa, nisiwaite ndugu tena.

Na nikinyamaza je? Juzi mwanamume wa kanisa letu alikuja kumsalimia baba. Binti yake ana mimba, hajaolewa. Nilikuwa namlisha baba uji, na yule bwana akauliza mbele yangu, bila haya: "Papa, ule wakati ulimupiga na nini?" Baba akameza uji wake, akamwonyesha kwa mikono urefu wa mkanda.

Msichana huyo ataletwa kanisani Jumapili, atakaa karibu na baba yake. Nishaurini, ndugu zangu. Nikipewa nafasi, niseme nini?