Waithira Hakusukwa Akae Gizani

Waithira, muuza viazi wa Gatitu, hucheka kabla mteja hajamaliza kusalimia. Hata siku mumewe Ngatia alipofungwa kwa kumvunja mkono, alitoka kortini akimwambia askari kwamba gari lao linahitaji kuoshwa. Mtu wa namna hii ni taabu tupu kwa watengenezaji wa filamu.

Aaliya alikuja kutoka Nairobi na mpiga picha wake, Kim, kurekodi maisha ya wanawake waliowashtaki waume zao kwa kuwapiga. Alikuwa binti mwenye nia safi, ila alikuwa ameshamchora Waithira kichwani kabla ya kumwona: mama mnyonge, leso iliyochakaa, jiko lenye moshi, machozi kidogo. Aliyempokea mlangoni alikuwa amevaa nguo ya kuendea harusi, na nywele zimesukwa zikakazwa mpaka nyusi zimepanda juu. Mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, ulikuwa umeiva. Aaliya alitaka waanze kazi kabla jua halijaondoka, lakini Waithira alisema hawezi kuwaambia habari ya kupigwa watu wenye njaa.

Baada ya sahani ya pili, Kim aliinama kwa shida kuunganisha nyaya zake. Aaliya aliomba kwa adabu Waithira abadilishe nguo, Waithira alikataa. Akaombwa basi asimulie akitazama chini. Alijaribu, maskini, hadi alipofika pale askari wa zamu alipomshauri arudi nyumbani ampikie mume vizuri, naye akamuuliza ampikie kwa mkono upi. Hapo alicheka, Kim naye akacheka, na picha yote ikatikisika.

Ndipo Aaliya alipomgeuzia kiti, mgongo kwa dirisha, ili aonekane kivuli tu. Alieleza kwamba ni kwa usalama wake, kwa kuwa filamu ingezungushwa kwenye kumbi za makanisa, Nanyuki hadi Kianyaga.

Waithira aliacha kucheka. Kianyaga ndiko kwao Ngatia. Huko kijiji kizima, mama mkwe wake akiwa mbele, kilishikilia kwamba Waithira aliteleza kwa matope akichuma kahawa, na kijana wao amefungwa bure. Kivuli kingekuwa cha mwanamke yeyote. Mficha uchi hazai, na Waithira alikuwa amechoka kufichiwa wa kwake na watu wengine.

“Aaliya, siku ya korti mwenye alifunika uso na jaketi ni Ngatia,” alisema. “Sasa na mimi nikifunikwa, watu watajua aje ni nani alipiga nani?”

Aaliya alimuuliza kama haogopi. Alijibu kwamba anaogopa sana, na nywele pia zinamuuma, lakini hakusukwa akae gizani. Aaliya akakigeuza kiti mwenyewe.

Filamu ilipofika Kianyaga, ukumbi ulijaa. Waithira alikaa mbele kabisa, na ile nguo ya harusi. Mwishoni Aaliya alikaribisha maswali kuhusu haki na sheria, na swali la kwanza lilikuwa ni nani aliyemsuka. Watu waliangua kicheko, na Waithira akacheka kuliko wote.

Kisha mama mmoja mzee akainuka nyuma, akaja polepole kati ya viti, akishika bega la huyu na la yule. Alikuwa mama yake Ngatia. Kicheko kilikufa. Alisimama mbele ya Waithira, akaushika ule mkono uliowahi kuvunjika, akaupapasa kwenye kiwiko, mahali ulipoungana vibaya.

“Mama Nyawira,” alisema, akimwita kwa jina la bintiye, “kumbe haukuanguka.”

“Sikuanguka, mama.”

Na hapo Waithira akalia, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, yale machozi Aaliya aliyoyatafuta kutwa nzima kule Gatitu. Kim aliitazama kamera yake pale chini, ndani ya mfuko, akaiacha.