Kidole Ndani ya Kikombe

Wadau, kuna mama mmoja kule Kimilili nilimfokea hadi majirani wakatoka nje. Aliniuliza tu kama nitakunywa chai.

Mimi ni mwalimu wa watoto wasioona hapa Kitale. Nawafunza kutembea na fimbo nyeupe, kufua, kupika, kujimiminia chai bila kuungua.

Nakhungu, mmoja wao, alikuwa moto wa kuotea mbali. Nilikuwa namfuata nyuma akienda soko la Matisi peke yake, na anarudi na nyanya ambazo hata mimi nisingezichagua vizuri hivyo. Nilimpenda huyo mtoto, sifichi.

Alikuwa anangoja mtihani wa mwisho. Shule zikafunguliwa, hakurudi. Nikapiga simu, mamake akasema Nakhungu ana kazi nyumbani.

Kazi gani bana? Nikaenda Kimilili nikiwa nimechemka.

Nilimwambia huyo mama yote. Kwamba amemgeuza mtoto kuwa kijakazi. Kwamba anamharibia maisha. Nakhungu alikuwa pale anachambua mboga.

Mama akaleta chupa ya chai. Akaweka kikombe mezani, akakunja kidole juu ya ukingo, ncha ikaingia ndani. Akamimina polepole. Chai ilipogusa kidole, akaacha.

Hivyo ndivyo ninavyowafunza wanafunzi wangu. Mtu anayeona hawezi kumtilia mgeni kidole kwenye chai.

"Mama, tangu lini?"

"Ilianza kama ukungu," akasema. "Saa hii hata wewe sikuoni. Nakhungu ndio amenifunza."

Kumbe begi la shule mama alikuwa ameshalipanga yeye mwenyewe, kwa kupapasa. Aliyekataa kwenda ni Nakhungu. Mama akaona heri alaumiwe, kuliko kijiji kijue naye haoni na kianze kusema ati nyumba yao imelaaniwa.

Nikauliza kama kuna shangazi, jirani, mtu yeyote. Hakuna.

"Mwalimu," Nakhungu akasema, "huko shule niko na wewe. Mama yuko na nani?"

Nilirudi Kitale peke yangu nikilia kama mtoto.

Mtihani ulifanywa bila yeye.

Ndugu zangu, ukisikia mzazi amemzuia mtoto, uliza kwanza kuna nini nyumbani, ndipo ufoke. Mimi miaka yote nilimfunza Nakhungu asimtegemee mtu. Sikuwahi kufikiria kuna mtu atamtegemea yeye.