Nembo ya kijiji chetu Ngenge: nilichora mgomba usio na watoto

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleikum.

Nimeona mnabishana humu kuhusu maana ya nembo za halmashauri zetu. Nami mzee wenu naleta kisa changu. Ni cha kweli, kwa umri huu uongo utanisaidia nini?

Enzi za ujamaa nilikuwa mwalimu na katekista katika kijiji kipya huko Ngenge, Muleba. Kamati ikanipa ubao nichore nembo ya kijiji, itundikwe ofisini.

Nikachora jembe, kitabu, tawi la kahawa, na katikati mgomba mmoja ulionyooka kama mshumaa wa altare. Nikajisifu kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

Wakati huo mama yangu, mjane, alibaki peke yake nyumbani kwetu Kanazi. Dada zangu walishaolewa mbali. Nilimsihi kwa miezi aje tuishi wote, akagoma kuacha kibanja, shamba la migomba alimozikwa baba.

Likizo moja nikamleta atazame tu, nikimwomba Mungu mama apapende.

Akasimama mbele ya ubao.

"Mwanangu, watoto wa mgomba huu wako wapi?"

Kwa msio wa kwetu: Mhaya haachi mgomba peke yake. Mgomba mama huachiwa mtoto pembeni, na mjukuu akichungulia. Mkubwa ukikatwa, shina linaendelea. Usio na machipukizi, hapo shamba linakufa.

Mimi niliyekulia migombani nikayaacha kwa kutafuta unadhifu!

Mama akasema, "Kama ndivyo mtu anavyokaa huku, nirudishe Kanazi."

Nikashika brashi niongeze, mwenyekiti wa kijiji akanizuia.

"Mwalimu, nembo si shamba. Mgomba mmoja, kijiji kimoja. Kamati imeshapitisha."

Mama akamgeukia kwa heshima zote. "Waitu Mwenyekiti, kwenu migomba huzaa kwa kikao?"

Akina mama waliokuwa wakifagia uwanja walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mwenyekiti akajaribu kununa, akashindwa.

"Chora, Mwalimu, chora! Kabla mama yako hajatuita sote tasa."

Nikachora mtoto. Mama akanisimamia: "Na mjukuu. Huku, mdogo." Rangi ya kijani ikaisha, jani la mwisho likawa la bluu.

Nikamuuliza kwa woga, "Sasa utakuja?"

"Chimba mashimo kwanza. Mapana."

Alikuja kabla ya mvua, na machipukizi matatu ya kibanja cha baba yamefungwa kwenye kanga. Tuliishi naye hadi Mungu alipomwita, na namshukuru kwa kila mwaka aliotupa.

Nilichojifunza: nilikuwa nachora kwa ajili ya wageni kutoka wilayani. Aliyepaswa kujiona pale ni yule atakayeishi chini ya ubao ule.

Haya, wa Kamachumu, Kanazi na kwingineko, nembo ya kwenu ina nini? Na bibi yako akiitazama, ataulizia nini kilichokosekana? Nasoma zote, ila taratibu, macho yamechoka.