Vitshumbi, Kutafuta Utoto wa Baba

Niliondoka Goma kwa ajili ya ukurasa mmoja mtupu. Parokia yetu ya Ndosho ilikuwa inamwandalia baba yangu sikukuu ya kumshukuru kwa miaka yote aliyofundisha. Mimi, binti yake wa kwanza, mwalimu kama yeye na katika shule ileile, nilipewa kazi ya kuandika maisha yake na kuyasoma mbele ya watu Jumapili. Niliandika yote isipokuwa utoto. Kila nilipomwuliza alinijibu, "Masika, kule Vitshumbi kwetu kulishakwisha. Andika nilizaliwa, basi."

Mimi nina kichwa kigumu, na hicho nilikirithi kwake. Nilimdanganya kwamba naenda Rutshuru kumwona rafiki.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, basi dogo lilitoka Goma na kupanda kuelekea Kibumba, kwenye ukungu na kabichi. Kwenye kila bariere, kizuizi cha barabarani, kulikuwa na kamba iliyofungwa kwenye kijiti: mtu ananyoosha mkono dirishani, dereva ananyoosha wake, kamba inashuka. Abiria wote tuliangalia magoti yetu. Nilikuwa na bahasha yenye maisha ya baba niliyoyaandika mapajani, na nilijisikia mtu wa maana. Kwetu Wanande jina linakuja na zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Baba ni Paluku, na tangu utoto wetu alitukumbusha kwamba mzaliwa wa kwanza anabeba nyumba. Nilitaka kuona nyumba hiyo aliyoibeba.

Katika mji wa Kiwanja, karibu saa nne, niliacha basi na kupanda moto, yaani pikipiki. Motari, dereva wake, aliniambia, "Mwalimu, shika muzuri, ndani ya parki hatusimamake." Kweli hatukusimama. Tulivuka daraja la Mabenga, tukapita majani makavu ya hifadhi ya wanyama na nyati waliotutazama bila haraka, na nilipofika ziwani sikuwa nahisi tena makalio yangu.

Vitshumbi, mchana. Harufu ya samaki inakupokea kabla ya watu. Marabu, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, wanatembea katikati ya nyumba kama wenye kijiji. Nilimsalimia mama mmoja aliyekuwa anageuza tilapia juu ya moshi.

"Uko mutoto wa nani?" aliniuliza.

"Wa Mwalimu Paluku, mwenye alikwenda Goma."

Akacheka mpaka akaweka chini upepeo wake. "Paluku? Paluku hakwendaka Goma, mama. Mwenye alikwendaka ni mudogo wake, Kambale. Paluku ni ule pale, anashona nyavu."

Nilidhani amekosea familia. Nilikwenda kwa yule mzee ili tu nimwondolee mama yule makosa yake. Mzee aliinua kichwa, na Mungu wangu! Paji la uso la baba, masikio ya baba, hata kile kidole gumba kilichopinda. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Kambale alizaa. Ni vizuri. Ikala."

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alitaka kujua kilichomo kwenye bahasha, nikampa. Akatoa kreyo, penseli fupi, mfukoni na kuanza kusoma, midomo imefungwa, mkono ukipita chini ya mistari. Akatia nukta mahali nilipoisahau. Akasahihisha neno. Alipomaliza aliandika juu, pembeni kulia, pale mimi ninapowaandikia wanafunzi wangu.

"Sita juu ya kumi," alisema. "Kazi ni safi, lakini iko na uongo."

"Papa, wewe ulisoma wapi?"

"Miye njo nilisomaka ualimu kwa mapadri. Kambale alishindwaka, wakamurudisha. Diploma yangu ilikuwa ndani ya sanduku ya mama. Baba yetu alikuwa amekufa maji, nikakwenda ku ziwa wiki moja tupate chakula. Kurudi, Kambale haiko. Fungua sanduku, karatasi haiko."

"Haukumufuata?"

"Mama alinipigia magoti. Akasema, 'Ukimufungisha, umenizika.' Nikabaki. Nilimungojea arudi mwenyewe, ningemusamehe, kweli. Ata barua hakuandika. Mutu iko na diploma, ata barua!"

"Labda aliogopa," nilisema. Nilikuwa natafuta mlango wowote wa kumtolea baba yangu.

"Aliogopa mwaka wa kwanza. Ya ingine yote alizoea."

Nililia, na si kwa huruma tu. Nilikuwa na hasira na mzee huyo kwa kuwa hai. Yeye alinipa samaki na bugali, akangoja nishibe, ndipo akaniomba kitu kimoja.

"Sitaki kurudishiwa kitu. Maisha yangu niliisha kuikula na samaki. Lakini Jumapili, mbele ya Mungu na batu, usisome jina langu juu ya kichwa yake. Mwite Mwalimu, mwite Muzee. Jina langu uniachie."

"Nakuahidi, papa mukubwa," nilisema, na nilimshika mikono miwili.

Jumamosi nilirudi kwa njia ileile. Kwenye moto, kwenye basi, nilikuwa namtukana baba kimoyomoyo kwa maneno ambayo mtoto hapaswi kuyajua.

Ndosho, jioni. Baba alikuwa anajaribu koti jipya. Niliweka karatasi mezani. Aliutazama mwandiko wa kreyo, akakaa chini na koti lake. Hakuuliza ni wa nani.

"Anaishi?"

"Anaishi. Anashona nyavu."

"Macho yake yanaona?"

"Yameona makosa yangu yote."

Nilingoja aseme kosa, aseme pole, aseme chochote. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Wewe kazi pale shuleni uliipata kwa jina gani? Na wadogo zako, watu wanawaita wana wa nani? Kesho sema, kama unataka. Mimi ni muzee, nitaona aibu miezi michache, kisha nife. Ninyi mutabaki nayo."

Jumapili, baada ya misa, uwanja wa parokia ulijaa. Wanafunzi wangu walikuwa mstari wa mbele, wamevaa vizuri. Nilisimama na karatasi safi niliyoinakili usiku, isiyo na kreyo. Nilifika kwenye jina, nikaona mkurugenzi wa shule yetu ananitazama akitabasamu, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mwalimu Paluku, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yao, alizaliwa Vitshumbi." Walipiga makofi. Baba alilia, na watu wakasema ni furaha.

Nilikwenda kule kujifunza baba alikuwa mtoto wa namna gani. Nimejifunza jinsi alivyofanya: ni rahisi, haichukui hata dakika moja. Karatasi yenye kreyo nimeificha chini ya nguo zangu, ndani ya sanduku. Vitshumbi kuna mzee anayengoja kusikia nilisoma nini. Na mimi, mwalimu mwenye diploma yangu mwenyewe, ata barua sijamwandikia.