Mzee Aliyejua Maneno Yangu

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, Mbulu mjini, mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko.

Baba alipofariki tuliuza ng'ombe wake wanne. Nikamshawishi mama tununue sarafu za mtandaoni, zije kuwa ada ya chuo ya mdogo wangu Paulina. Funguo zake zilikaa kwenye kifaa kidogo kama flashi, na kilikuja na maneno ishirini na manne ya kurudishia pesa kifaa kikiharibika. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Niliyakariri, nikayaandika kwenye karatasi moja tu, nikaifukia ndani ya kihenge cha mahindi kwetu Tumati. Kwa wasiwasi wangu, neno la saba nikaliandika mahali pa la nane, na la nane mahali pa la saba. Hilo hata mama sikumwambia.

Ada ilipodaiwa, nilikwenda steshenari ya pale sokoni kwa sababu sina kompyuta. Kosa langu lilianzia hapo. Nikachomeka kifaa kwa waya wake. Kwenye kompyuta ya pili alikaa mzee aliyejitanda blanketi. Nikamwamkia shikamoo. Kimya. Niambie, kwetu mzee gani haitikii shikamoo?

Kompyuta ikaniomba maneno yote ishirini na manne. Kioo kidogo cha kifaa hakikuomba kitu. Nilijua programu ya kweli haiyaombi, na kwamba hayaandikwi kwenye kompyuta yoyote. Lakini Paulina alikuwa amebakiza siku mbili za kulipa ada. Vidole vikaenda kwenye kibodi.

"Umeyasahau?" mzee akauliza, anatazama ukuta. "Andika, nitakutajia."

Akaanza. La kwanza, la pili, la tatu. Niamini, yalikuwa maneno yangu. Baada ya la sita akataja la nane, kisha la saba. Alikuwa anasoma karatasi yangu.

Nikachomoa waya, nikatoka bila kuandika hata herufi. Dada wa steshenari akanikimbilia barabarani. "Kaka, babu yako kasema utamlipia."

Nikalipa. Sikuangalia ndani.

Nilipanda boda boda hadi nyumbani. Mdomo wa kihenge ulikuwa bado umezibwa kwa samadi, mkavu, bila ufa. Mimi na mama tukaubomoa. Karatasi ilikuwepo. Mimi niliikunja mara mbili. Sasa ilikuwa imekunjwa mara tatu.

Paulina hakwenda chuo. Pesa naziona kwenye simu, hazijaguswa, lakini kukichomeka tena kile kifaa siwezi. Mama haniulizi tena.

Nawe mwenye kifaa kama hiki, kichomeke kwenye kompyuta yako tu, na kompyuta ikikuomba maneno, usiyaandike. Mzee wa pembeni asipoitikia salamu, chomoa waya kwanza, mengine utafikiri baadaye. Mimi kila nikipita sokoni, nyuma yangu mtu anayataja maneno yangu polepole, la tano, la sita, halafu ananyamaza. Anangoja nimsahihishe.