Safari Bila Kuaga

Esnah Mongina alichuma chai kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna msimamizi aliyewahi kummwagia kikapu kwa kuchanganya majani machanga na yaliyokomaa. Kanisani alikuwa vivyo hivyo. Alipokuwa kiongozi wa ushirika wa akina mama, hapo karibu na Chepilat kwenye milima ya chai, aliyechelewa alisimamishwa mbele ya wote, na aliyesengenya alitajwa kwa jina. Walimheshimu. Ila baada ya mumewe Ondieki kufariki, na mwanawe Sagini kwenda kufanya kazi Katari, aligundua kwamba kuheshimiwa si kutembelewa. Watu walimsalimu barabarani wakapita.

Mwaka jana jirani yake, Loice Chelimo, alikwenda Diani na kikundi chake kuona bahari. Kabla ya safari walimwita muuguzi awafundishe: vidonge vya kuzuia malaria vimezwe kabla, wakiwa huko, na hata baada ya kurudi, usiku walale ndani ya chandarua, wasiingie majini bila viatu, wavae kofia na wanywe maji safi. "Sisi watu wa baridi damu yetu haijazoea malaria," muuguzi aliwaambia. Waliporudi salama, Loice alizungusha simu yake kanisani. Pichani alikuwa amesimama majini, sketi ameipandisha, anacheka.

Esnah alisimama. "Mama mzima mwenye wajukuu, kuonyesha watu mapaja! Bahari ni ya wasio na kazi."

"Hayo ni magoti tu, Mama Sagini," Loice akajibu. "Mapaja niliacha nyumbani."

Walicheka wote isipokuwa yeye. Lakini picha ile ilimfuata nyumbani. Alipoketi kunywa chai peke yake aliiona. Alipofunga mlango aliiona. Mwezi wa saba, baridi ilipozidi, akaamua kwenda. Ushirika aliuambia anakwenda Nyamira kwa kaka yake.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, wala si katika kutamani bahari. Mungu ndiye aliyeiumba, na kuitazama si dhambi. Dhambi ilikuwa kuificha safari, kwa maana anayesafiri kwa siri hana wa kumuuliza wala wa kumwonya. Angemuuliza muuguzi habari za vidonge, kufikia Jumapili ushirika wote ungejua. Kwa hiyo hakuuliza.

Alipanga chumba Ukunda, karibu na Diani, siku tatu. Juu ya kitanda palikuwa na chandarua kilichofungwa fundo. Kwake nyumbani chandarua cha serikali kilifunika kitalu cha sukuma wiki, kuku wasiingie. Alipokifungua hiki kilimwangukia cheupe mpaka miguuni, naye akakumbuka shuka walilomfunika Ondieki. Akakifunga tena fundo, akalala hivyo hivyo.

Asubuhi aliingia baharini peku. Miguu iliyokaa ndani ya viatu vya gambuti miaka yote ile ilitaka kuonja mchanga. Wimbi la kwanza lilimpiga magotini; akashtuka, akacheka kwa sauti, akageuka kumtafuta wa kucheka naye. Hakuwapo. Hatua mbili mbele alikanyaga kiumbe cha miiba, na ncha nyeusi zikabaki katika unyayo. Alitoka akichechemea. Hakuna aliyempiga picha.

Siku ya kumi na mbili tangu arudi, baridi ilimwingia mifupani, kisha joto, kisha jasho lililolowesha shuka. Alijikokota hadi duka la dawa.

"Mama, umetoka mahali hizi siku?" muuzaji alimuuliza.

"Mimi? Nitoke niende wapi?"

Akapewa dawa za mafua, akarudi kulala. Siku tatu alisikia lori la chai likipita asubuhi na mvua ikigonga mabati alasiri, na katikati yake kimya. Sagini alipopiga simu, alimwambia yuko sawa. Hakumlaumu asiyebisha hodi. Alijua hicho kimya alikipanda kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya nne mlango ulisukumwa. Alikuwa Loice.

"Mama Sagini, jikoni kwako hakujatoka moshi siku mbili. Umekufa ama?"

"Bado."

"Basi simama twende hospitali Kapkatet. Ukifia hapa nani atatugombeza?"

Hospitalini daktari kijana aitwaye Weldon alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa. "Na hii baridi, wengi wanaletwa na nimonia. Mama, umesafiri mahali?"

"Alikuwa tu Nyamira, daktari," Loice akamjibia.

Uongo ulikuwa umeshasemwa, tena na mdomo usio na hatia. Esnah hakuhitaji hata kufungua kinywa. Angenyamaza tu, jina lake likabaki safi. Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Esnah aliutazama mkono ule ukitembea juu ya karatasi, akaelewa kwamba unaandika ugonjwa wa mtu mwingine, mtu ambaye hakwenda popote, na kwamba huyo ndiye atakayetibiwa.

"Sikuwa Nyamira," alisema. "Nilikuwa Diani. Sikumeza vidonge. Sikulala ndani ya chandarua."

Kalamu ikasimama. Damu ilipimwa papo hapo, malaria ikaonekana, na muda si mrefu dawa ilikuwa ikiingia mshipani. "Umefanya vizuri kusema, mama," daktari alimwambia. "Malaria ya watu wa milimani haingojei kesho."

Loice alikaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akauliza, "Na viatu?"

"Sikuvaa."

Loice akafunua shuka, akazitazama nukta nyeusi za unyayoni. Esnah alingojea kicheko. Alikistahili, na alikuwa amekwisha kukiandalia uso. Hakikuja.

"Ungeniambia," Loice alisema. "Ningekupatia vyangu. Bado viko na mchanga."

Akamfunika miguu, akaaga. Ng'ombe walikuwa wanamngoja.

Esnah alikishusha chandarua cha wodini kwa mkono usio na sindano, akakichomeka chini ya godoro pande zote. Kilikuwa cheupe kama kile cha Ukunda. Alilala ndani yake macho wazi. Alitaka kumuuliza Loice kama na yeye alishtuka wimbi la kwanza lilipompiga, na kama ndipo alipocheka. Sasa angeweza kumuuliza. Lakini Loice alikuwa ameshakwenda kukamua, na kitanda cha pili kilikuwa kitupu.